Paka nyumbani: sababu gani anafanya vile, na namna ya kuishi naye

Hapa Shari, kama katika mitaa mingine ya Bunia, watu wengi wanafuga paka sababu ya panya. Panya anatoboa magunia ya mahindi, anakata nguo, hata madaftari ya watoto. Lakini paka mwenyewe akikojoa kwenye kitanda, akikwaruza fotei ao akilia usiku kucha, tunasema: "Paka hii iko kichwa ngumu," na fimbo inafuata. Kumbe kila tabia ya paka iko na sababu yake. Ukiijua, utaishi naye vizuri, na utakinga pia afya ya nyumba.

Analala mchana, anatembea usiku

Paka hulala saa 12 mpaka 16 kwa siku. Nguvu zake zinaamka magharibi na alfajiri, wakati panya nao wanatoka. Si uvivu. Kama anakusumbua usiku, cheza naye jioni na kamba ao kipande cha kitambaa, kisha umpe chakula kidogo. Wengine wanamnyima chakula ili awinde. Hapana: paka anawinda hata akiwa ameshiba. Mwenye njaa njo anaiba samaki kwenye sufuria na kuhamia kwa jirani.

Majivu ya jikoni

Paka anapenda kuchimba na kufunika uchafu wake, njo maana anafuata majivu ya mbabula ao mchanga wa kujengea. Mpe mahali pake: basini ya zamani yenye mchanga mkavu, mbali na chakula chake. Ondoa uchafu kila siku. Mama mwenye mimba asiuguse, sababu unaweza kubeba toksoplasmosi, ugonjwa unaodhuru mtoto tumboni.

Paka aliyezoea basini akianza ghafla kukojoa ovyo, pengine ni mgonjwa. Dume anayejikaza na mkojo hautoki apelekwe kwa veterineri siku ile ile.

Makucha na fimbo

Akikwaruza, ananoa makucha, ananyoosha mwili na kuacha harufu yake. Huwezi kumkataza. Funga kamba kwenye gogo, uliweke karibu na fotei, atahamia pale.

Hapana kumpiga. Ukimpiga wakati kosa limekwisha kupita, haelewi kitu. Anajifunza kukuogopa tu, na paka mwenye woga njo anauma. Watoto wa paka wazoezwe mikono ya watu tangu wiki ya pili hadi ya saba, na wasitengwe na mama yao kabla ya wiki 8.

Akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha uende kituo cha afya, sababu ya ugonjwa wa kichaa.

Panya anayeletwa mlangoni

Paka akikuletea panya, kwake ni kazi nzuri. Lakini hapa Ituri tuwe macho. Tauni, ile watu wanaita pesti, iko jimboni mwetu tangu zamani. Mwaka 2020 iliripotiwa tena katika zoni ya afya ya Rethy. Viroboto wa panya njo wanaieneza, na paka anayekula panya mgonjwa anaweza kuipata na kuwaambukiza watu.

Kwa hiyo:

- Usishike panya aliyekufa kwa mikono mitupu, na watoto wasimchezee.
- Paka anayewinda asilale kitandani na watu.
- Paka akiwa na homa na uvimbe chini ya taya, usimkumbatie, muulize veterineri.
- Ukiona panya wengi wanakufa bila sumu, juulisha kituo cha afya haraka.
- Mtu akipata homa kali na uvimbe kwenye kinena ao kwapani, apelekwe siku ile ile. Tauni inapona kwa dawa kama matibabu yanaanza mapema.

Tena, angalia dawa ya panya. Paka akila panya aliyemeza sumu, naye anaweza kufa, na panya waliobaki watazaana bila mtu wa kuwazuia. Funika chakula, ziba matundu, na umwachie paka kazi yake.