Kukombolewa Bagamoyo

Nilipochaguliwa kuingia kidato cha tano, bibi yangu wa Kiwangwa aliweka rehani kipande cha shamba lake la mananasi ili nipate ada. Baada ya misimu miwili alimaliza deni, akarudi nyumbani na kusema neno moja tu: "Nimelikomboa." Kesho yake alfajiri alikuwa shambani na jembe lake, akipalilia bila kumwomba mtu ruhusa.

Neno hilo lilinirudia nilipoanza kusoma historia ya misheni ya Bagamoyo kwa ajili ya tasnifu yangu. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakaanzisha kituo hapo mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Kwa fedha zilizochangwa Ulaya, mapadre walinunua watoto, wakawabatiza, wakawafundisha kusoma, kulima na ufundi. Walipokua, waliwaoza na kuwapa nyumba katika kijiji cha misheni.

Mfikirie mtoto huyo akifundishwa kwamba Mungu alilipa gharama ili kumweka huru. Kwangu mimi, niliyezaliwa katika ukoo wa Kikristo, hilo ni fundisho. Yeye alikuwa ameona fedha zikihesabiwa, mkono mmoja ukimwachia na mwingine ukimpokea. Sidhani kama kuna mhubiri wa leo anayeweza kulitamka neno "Mkombozi" kwa uzito ambao mtoto huyo angelisikia.

Lakini maneno ya imani yetu yalikuwa na historia nyingine pia. "Bwana" ndivyo mtumwa alivyomwita mmiliki wake, na ndivyo tunavyomwita Yesu. "Mtumwa" na "mtume" yametoka katika kitenzi kimoja, kutuma, na mwanzoni mwa Waraka kwa Warumi Paulo anajiita yote mawili. Sisi tunaona unyenyekevu wa Paulo. Aliyewahi kufungwa minyororo angeweza kuona jambo lingine kabisa.

Na baada ya kununuliwa, misheni ndiyo iliyopanga saa za sala, kazi za shamba na mambo ya ndoa. Wapo waliotoroka, na mapadre wakaona ni utovu wa shukrani. Siwezi kuwahukumu kirahisi: nje ya uzio, mtoto asiye na mtetezi angeweza kukamatwa tena na kuuzwa. Tena wapo waliobaki, imani ikawa yao kweli. Misheni ya Mhonda ilipoanzishwa bara mwaka 1877, Wakristo wa Bagamoyo walikwenda kuijenga.

Likizo iliyopita nilimuuliza bibi, "Shamba likikombolewa, linakuwa la nani?"

Akanishangaa. "La nani tena, mjukuu wangu? Linarudi kwa mwenyewe."

Jumapili, padre alipomtaja Mkombozi, niliwawaza watoto wale. Nao walikuwa na kwao, na mama zao huko bara. Bei yao ililipwa, lakini wengi hawakurudishwa kwa mwenyewe. Niliitikia "Amina" pamoja na wenzangu, ila safari hii nilichelewa kidogo.