Mwandishi Anaporudi Kubadili Habari za Watu Wake

Wanafunzi wa Nyahanga, nina hakika mmesikia habari za Masala Kulangwa, yule kijana wa hadithi za Kisukuma aliyeliua zimwi Shing'weng'we, akalipasua tumbo, watu waliomezwa wakatoka. Wako wasimulizi wanaoongeza kwamba katika kupasua alimkata sikio bibi kizee mmoja, naye badala ya kushukuru akakasirika! Wengine hawalitaji sikio hilo kabisa. Hakuna anayegombana, maana hadithi ya mdomo haina mwenyewe.

Kitabu ni jambo jingine. Kina jina la mwandishi na mwaka wa kupigwa chapa.

Mwaka 1967 marehemu Ngugi wa Thiong'o wa Kenya alitoa kitabu cha Kiingereza, A Grain of Wheat, yaani Punje ya Ngano. Ni hadithi ya kubuni, lakini imesimama juu ya mambo ya kweli: vita vya Mau Mau, hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na uhuru wa Desemba 1963. Yumo Mugo, ambaye wanakijiji wamheshimu kama shujaa, kumbe ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji wa msituni. Watu wa kitabu hiki si malaika, na hapo ndipo penye utamu wake.

Katika chapa ile ya kwanza, wanaume fulani walimwua mbwa wa bibi mmoja wa Kizungu, Dr Lynd, kisha wakamnajisi bibi mwenyewe. Mmoja wao baadaye akawa mpiganaji wa msituni. Miaka karibu 20 ikapita. Katika miaka ya 1980 Ngugi akatoa chapa iliyosahihishwa. Humo mbwa auawa vile vile, lakini bibi hanajisiwi.

Wahakiki, yaani wapima vitabu, wakabishana. Kuna hoja kwamba wakoloni walikwisha wasingizia wapiganaji uovu mwingi, basi mwandishi asiwaongezee. Kuna hoja nyingine, nzito pia, kwamba vitani wanawake huumizwa kweli, na kulifuta jambo hilo ni kuwapaka wapiganaji chokaa.

Mimi naona mwandishi ana haki ya kusahihisha kazi yake. Lakini aliyeisoma chapa ya 1967 hawezi kuambiwa kwamba hakuyasoma aliyoyasoma. Basi mkiwakuta wasomaji wawili wakishindana juu ya Dr Lynd, msiwaamue upesi. Waombeni kwanza wafungue kurasa za mwanzo, waone kila mmoja ameshika chapa ya mwaka gani.