Leica ya Mzee haikuwa Leica: historia ya kamera yenye macho mawili

Leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya unga. Ninawaletea habari ya kamera moja ndogo iliyofika mbele yetu hapa Kalemie siku ya yenga, ikiwa imefungwa katika kitambaa cha kitenge. Kamera hiyo ilitupeleka mpaka Ujerumani, Ukraine, Urusi na Ujapani, na mwishoni ikaturudisha kwa Mzee mmoja anayetafuta minervale ya mjukuu wake.

Sisi ni watu wachache tunaopenda kamera za zamani. Kila siku ya yenga, kisha misa, tunakutana kwa fundi saa mmoja. Mwalimu wa fizikia anakuja, mimi ninakuja, na wengine wawili watatu wakipata nafasi. Kila mmoja anaeleza yaliyompata: huyu pazia ya kamera yake imetoboka na inaingiza mwangaza, yule amefungua lenzi na kukuta ukungu ndani kama utando wa buibui. Filamu, ile tunayoita pelikili, tunaipata kwa shida, kwa hiyo kila picha tunaihesabu kabla ya kubonyeza.

Siku hiyo alikuja Mzee aliyepiga picha za ndoa na za karti katika mtaa wetu kwa miaka mingi. Alitoa kamera, akaiweka juu ya meza. Juu yake imeandikwa Leica, na pembeni kuna tai wa jeshi la anga la Wajerumani wa vita ya pili ya dunia. Aliinunua miaka ya 1990 kwa mfanyabiashara aliyetoka upande wa Kigoma, kwa bei ya mbuzi wawili. Aliambiwa ilikuwa ya rubani Mjerumani.

“Kuna mtu wa Lubumbashi ameiona picha yake katika telefone,” Mzee akatuambia. “Anataka kuinunua. Feza hiyo inalipa minervale ya mjukuu wangu ya mwaka muzima. Ninyi nisafishieni tu, ing'are.”

Fundi saa akaizungusha lenzi, ikatoka. Akatazama ndani ya lile tundu kwa muda, akainyamazia. Kisha akanipa nami nitazame. Ili muelewe tulichokiona, inafaa kwanza nieleze kamera hii ilitoka wapi.

Mtu mgonjwa na filamu ya sinema

Mwanzo wa karne ya 20, kamera nzuri ilikuwa sanduku zito. Mpiga picha alibeba vioo vya kupigia picha na miguu mitatu ya kusimamishia. Katika muji wa Wetzlar, Ujerumani, kulikuwa na kiwanda cha Leitz kilichotengeneza hadubini, vile vyombo vya kutazamia vijidudu. Ndani yake alifanya kazi fundi mmoja, Oskar Barnack. Alipenda kupiga picha, lakini afya yake haikumruhusu kupanda vilima na mzigo huo. Kufikia mwaka 1914 alikuwa ametengeneza kamera ndogo inayotumia filamu ya sinema ya milimita 35. Aliilaza filamu na kuchukua nafasi ya picha mbili za sinema ili kupata picha moja ya milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho kinatumika mpaka leo, hata katika kamera kubwa za kisasa.

Vita ya kwanza ikasimamisha mambo. Mwaka 1924 mwenye kiwanda, Ernst Leitz wa pili, akaamua itengenezwe kwa wingi, na mwaka 1925 ikaonyeshwa katika soko kuu la Leipzig kwa jina Leica, yaani Leitz pamoja na kamera. Lenzi yake ilipigiwa hesabu na Max Berek.

Macho mawili

Kamera ile ya kwanza ilikuwa na kasoro moja: ulipaswa kukisia umbali. Ukikosea, uso unatoka kama uko nyuma ya moshi. Mwaka 1932 ikatoka Leica ya pili, yenye kipima-umbali kilichoungwa na lenzi. Wafaransa wanakiita telemetri, na wapiga picha wetu wa zamani nao hivyo hivyo.

Mwalimu wetu wa fizikia anakieleza kwa dole gumba. Nyoosha mkono, tazama dole gumba kwa jicho moja, kisha kwa jicho lingine. Litaonekana linaruka. Lisogeze karibu na pua, litaruka zaidi. Hivyo macho mawili yanajua umbali. Kamera ya telemetri ina madirisha mawili mbele, mbali kidogo moja na lingine. Ukichungulia, unaona mtu wako mara mbili, mmoja kama kivuli. Unazungusha lenzi mpaka wale wawili wanakuwa mmoja. Hapo umbali ni sawa, bonyeza.

Ili lenzi na madirisha visemezane, ndani ya kamera kuna mkono mdogo unaogusa nyuma ya lenzi. Ukumbuke mkono huo, tutaurudilia.

Mwaka huo huo wa 1932, Zeiss Ikon ya Dresden ikatoa mpinzani, Contax, pamoja na lenzi za Sonnar zilizobuniwa na Ludwig Bertele. Zilimeza mwangaza mwingi kuliko nyingine za wakati ule. Robert Capa alishuka katika fukwe za Normandie, tarehe 6 mwezi wa 6 mwaka 1944, akiwa na kamera za Contax. Henri Cartier-Bresson yeye alishikamana na Leica ndogo na lenzi ya milimita 50. Kamera hizi zilikuwa ndogo na hazikupiga kelele, ndiyo maana waandishi wa habari walizipenda.

Watoto wa Kharkiv

Wengi wetu tukisikia “kopi” tunadharau. Lakini sikilizeni namna kopi hii ilivyozaliwa.

Kisha vita na mapinduzi, inchi za Umoja wa Kisovieti zilijaa watoto wasio na wazazi, waliolala katika stesheni na kuiba ili wale. Mwaka 1927 ikafunguliwa nyumba ya kuwalea huko Kharkiv, Ukraine, na mwalimu wake alikuwa Anton Makarenko. Watoto walisoma na walifanya kazi. Walianza na vitu vya mbao, kisha wakatengeneza mashine za umeme za kutoboa. Halafu wakaifungua Leica, wakapima kila kipande, na mwaka 1934 kamera zao zikaanza kutoka kiwandani. Ziliitwa FED.

Jina lenyewe lina uzito. Ni herufi za kwanza za Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi ya siri ya Wasovieti, na nyumba ile iliitwa kwa jina lake. Kwa hiyo ndani ya kamera moja kuna mikono ya watoto waliookolewa, na juu yake jina la mtu aliyeogopwa. Historia haitupi nafasi ya kuchagua upande mmoja tu.

Mwaka 1941 Wajerumani wakauteka Kharkiv. Kiwanda kilikuwa kimehamishwa kwenda Berdsk, Siberia. Mwaka 1948, kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kikaanza kutoa kamera ya namna ile ile, na baadaye ikabaki na jina Zorki. Ilitengenezwa kwa wingi sana, kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuifikia.

Vita inapobeba viwanda

Sisi Wakongomani tunajua namna vita inavyobeba mali ya watu. Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945, Wasovieti walichukua mashine, vipuri na ujuzi wa Contax kama malipo ya vita, wakavipeleka Kiev. Contax ikabadilika jina, ikawa Kiev, na iliendelea kutengenezwa mpaka miaka ya 1980. Hata picha maarufu ya bendera ya Wasovieti juu ya Reichstag, Berlin, Yevgeny Khaldei aliipiga kwa Leica. Kushindwa kwa Wajerumani kulipigwa picha na kamera ya Wajerumani.

Haki za uvumbuzi za Wajerumani nazo zilichukuliwa, na viwanda vya Uingereza na Marekani vikatengeneza Leica zao. Upande wa Ujapani, Canon ilikuwa imeanza tangu miaka ya 1930, na lenzi zake za kwanza zilitoka kwa Nippon Kogaku, kampuni ambayo mwaka 1948 ilitoa kamera ya Nikon.

Watu walizicheka kamera za Ujapani mpaka mwaka 1950. Mwaka huo mpiga picha wa gazeti Life, David Douglas Duncan, alikuwa Tokyo. Mwenzake Mjapani, Jun Miki, alimpiga picha kwa lenzi ya Nikkor ya milimita 85. Duncan alipoona ile picha, akataka kujua zaidi, na vita ya Korea ilipoanza mwezi wa 6, akaenda nayo akiwa na lenzi za Kijapani juu ya Leica zake. Picha zilipofika New York, watu wakauliza zilitoka kwa lenzi gani. Dharau ikaisha. Mwaka 1954 Leica ilijibu kwa M3, lakini mwaka 1959 Nikon F ikaja na kioo cha kukuonyesha picha kupitia lenzi yenyewe, na kamera za telemetri zikaanza kuachiwa wapenzi wachache.

Kile tulichokiona ndani

Sasa turudi kwa ule mkono mdogo. Katika Leica ya kweli, ncha yake ni gurudumu dogo linalozunguka. Katika FED na Zorki ni kipande cha chuma kilichochongwa kama kabari. Ndani ya kamera ya Mzee tuliona kabari. Tena Leica zilizotengenezwa kwa jeshi la anga, aina ya IIIc, zina kizungusho kidogo mbele cha kasi za polepole. Hapo mbele ya kamera ya Mzee hapakuwa na kitu.

Ilikuwa Zorki. Mtu alifuta jina lake, akachora Leica na tai, akaiuza kwa bei ya uongo. Ujanja huo unajulikana dunia nzima, na Zorki na FED nyingi zimepitia mikono hiyo.

Mimi ndiye niliyeachiwa kumwambia. Nimesoma habari katika radio miaka mingi, lakini sauti ilinikauka.

“Kwa hiyo walinidanganya,” Mzee akasema.

“Ndiyo, Papa.”

Akanyamaza. Kisha akauliza: “Na kama nisingekuja hapa, ningemdanganya yule wa Lubumbashi?”

“Bila kujua, Papa.”

“Sasa ninajua.”

Alichukua telefone pale pale, akamwita mnunuzi, akamwambia ukweli. Yule bwana akataja bei mpya, ambayo haitoshi hata sehemu ndogo ya minervale. Mzee akamshukuru, akakata. Hakuna aliyesema neno kwa muda.

Kisha akatuuliza ni nani basi aliyeitengeneza. Mwalimu akamweleza habari za Kharkiv na Krasnogorsk. Mzee aliturudisha mara mbili kwenye habari ya wale watoto. Yeye mwenyewe alilelewa kwa wamisionari kisha kufiwa na wazazi, na alijifunza kupiga picha huko.

Fundi saa alitaka kulisugua lile jina litoke. Mzee akakataa, akaniomba niandike karatasi ya kuweka ndani ya mfuko wa kamera: Hii ni Zorki ya Urusi, si Leica, msimuuzie mtu kwa jina lingine. Nikaandika kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, naye akatia sahihi.

Mpaka ninapoandika habari hii, minervale haijatimia. Ninyi mlio na kamera kama hizo nyumbani, fungueni lenzi mtazame ule mkono kabla ya kununua au kuuza. Na ninyi wa mtaa wetu mliooana miaka ile, tafuteni picha zenu katika masanduku. Nyingi zimepigwa na kamera hii hii. Mzee angependa kuziona tena, na anayetaka kupigiwa picha ya familia, filamu moja bado anayo.

Kutoka Kalemie, ni mimi mwandishi wenu.