Kovu la Mama

Mama alipigwa picha mara moja tu maishani mwake, mbele ya nyumba yetu ya Kisaka, na mpiga picha aliyepita kwa baiskeli. Picha ile nyeusi na nyeupe, ndogo kuliko kiganja, ilikaa miaka mingi ndani ya sanduku la bati. Unyevu ukaiingia. Nilipoitoa baada ya matanga, uso ulikuwa umejaa chembechembe, kama maziwa yaliyoangukiwa na majivu.

Nikaipeleka mjini kwa kijana mmoja mwenye kompyuta. "Shikamoo mzee. Iache, kesho utaikuta mpya." Kweli, kesho yake chembechembe hazikuwapo. Lakini halikuwapo pia kovu la mama juu ya nyusi ya kushoto, alilolipata utotoni alipoangukia jiwe la kusagia. Dada yangu aliitazama, akanirudishia. "Huyu ni nani?" akauliza.

Sikumlaumu sana yule kijana. Kosa lenyewe lina umri kuliko yeye. Kompyuta huiona picha kama shamba la vinukta, kila kinukta na namba yake ya weusi au weupe. Njia nyepesi ya kufuta uchafu ni kukipa kila kinukta wastani wa majirani zake. Mwaka 1984 Jan Koenderink wa Uholanzi alieleza kwamba kulainisha picha hivyo ni sawa na kuacha joto lisambae, kwa kanuni ambayo Mfaransa Joseph Fourier aliichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1822. Na joto halichagui. Hulainisha uchafu, hulainisha na kovu.

Waliotafuta dawa ni Pietro Perona, Mwitaliano, na Jitendra Malik, mzaliwa wa India, wakiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Makala yao maarufu ilitoka mwaka 1990. Fikiria, msomaji, nyumba ya udongo: moto wa mafiga ukiwaka, joto hujaa jikoni, lakini ukuta hulichelewesha kufika chumba cha pili. Ndivyo walivyofanya. Kila kinukta hulinganishwa na majirani zake wanne, wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia. Tofauti ikiwa ndogo, vichanganyike. Ikiwa kubwa, huo ni ukuta, visichanganyike. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi, shavu likalainika na ukingo wa shavu ukabaki umesimama.

Waliuita usambaaji usio sawa kila upande. Mjerumani Joachim Weickert, aliyeandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1998, alikumbusha kwamba jina hilo halikuwastahili hasa, maana ukuta wao hupunguza joto tu bila kulielekeza upande wowote. Njia yake yeye hulielekeza likimbie kando ya mstari. Ugomvi huo nawaachia wenyewe.

Lisidhaniwe kuwa jambo la picha za ukumbusho tu. Mwaka 1992 Guido Gerig na wenzake walichapisha matumizi ya njia hii katika picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa mashine ya sumaku. Huko, ukifuta chembechembe kwa pupa, waweza kufuta na ugonjwa ambao daktari anautafuta.

Hata hivyo kompyuta haijui kovu ni nini. Mtu ndiye anayeiambia tofauti ipi ihesabiwe ukuta. Akiweka kiwango cha juu mno, kovu huyeyuka. Akiweka cha chini mno, uchafu wote hulindwa kama mali.

Picha ya asili nilikuwa nayo bado. Mpwa wangu, aliyesomea mambo haya, aliketi nayo jioni nzima. "Mjomba, nikilihifadhi kovu, na hili doa la begani litabaki. Tofauti zao zinalingana."

Nikamwambia aliache doa.

Dada aliipokea ile picha mpya, akapitisha kidole juu ya nyusi ya kushoto, kisha akaenda kuitafutia msumari ukutani.