Ifahamu nafasi ya michezo ya video katika tiba ya magonjwa makubwa ya akili

Michezo ya video inayotumika katika huduma za afya ya akili ni programu za kompyuta, simu au miwani ya uhalisia pepe zinazomwezesha mgonjwa kufanya mazoezi ya akili, ya mwili au ya kukabiliana na hofu. Michezo hiyo ni tiba saidizi. Haichukui nafasi ya dawa, ushauri nasaha wala huduma za hospitali.

Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO) za mwaka 2022, skizofrenia pekee iliwapata watu wapatao milioni 24 duniani, sawa na mtu mmoja katika kila watu 300. Dawa huwapunguzia wengi wao sauti zisizosikika na wengine pamoja na imani zisizo za kweli, lakini mara nyingi haziondoi hofu ya kutoka nyumbani, ugumu wa kukumbuka mambo wala kukosa ari. Pengo hilo ndilo lililowafanya watafiti waigeukie michezo ya video.

Namna inavyotumika

Nchini Uingereza, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford walibuni programu iitwayo gameChange. Mgonjwa huvaa miwani maalumu na kujiona yuko mtaani, dukani, ndani ya basi au katika chumba cha kusubiri daktari. Humo hupewa kazi ndogondogo, akiongozwa na mkufunzi wa kompyuta, hadi atambue kuwa mahali anapopaogopa ni salama. Matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 346, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionesha kuwa baada ya wiki sita hofu ya kutoka nje ilipungua, na waliofaidika zaidi ni wale waliokuwa na hofu kubwa.

Mbinu nyingine inayokaribiana na michezo hiyo iliasisiwa na daktari bingwa wa magonjwa ya akili, Julian Leff, wa London. Mgonjwa hutengeneza kwenye kompyuta sura ya yule anayemsikia akimtukana au kumtisha, kisha mtaalamu huizungumzia sura hiyo huku akimtia mgonjwa moyo wa kuijibu. Katika jaribio la watu 150 lililochapishwa mwaka 2018, waliopata tiba hiyo walipungukiwa na kero ya sauti baada ya wiki 12 kuliko waliopewa unasihi. Hata hivyo, kufikia wiki ya 24 tofauti kati ya makundi hayo mawili haikuonekana tena.

Mipaka ya ushahidi

Mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2021 yalikusanya majaribio saba ya michezo ya video kwa wagonjwa wa skizofrenia, yenye washiriki 468. Washiriki wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Mapitio hayo yalibaini kuwa ushahidi uliopo ni wa uhakika mdogo, hivyo tafiti kubwa zaidi zinahitajika.

Tahadhari

Programu zilizojaribiwa zilitengenezwa na wataalamu kwa lengo mahususi na kutumiwa kwa muda uliopangwa. Hazilingani na michezo ya kawaida ya simu au ya vibandani. WHO imeutambua uraibu wa michezo ya kielektroniki kuwa ugonjwa, katika orodha ya magonjwa ya kimataifa iliyoanza kutumika Januari 1, 2022.

Aidha, familia hazipaswi kumwachisha mgonjwa dawa kwa kuwa ameonekana kuchangamka akicheza. Kuacha dawa ghafla ni miongoni mwa sababu kuu za ugonjwa kurejea. Dalili kama kusikia sauti, kujitenga, kutolala au kuzungumzia kujidhuru zinapoonekana, mgonjwa afikishwe mapema katika kituo cha afya kilicho karibu, na matumizi ya mchezo wowote kama sehemu ya tiba yaamuliwe pamoja na mtoa huduma anayemhudumia.