Engaruka: Shamba Lililodhaniwa Kuwa Mji

Historia ya Rwanda ina majina mengi na kuta chache. Simulizi zinatupa wafalme kwa mpangilio, tangu akina Ruganzu Bwimba wa Gasabo kando ya ziwa Muhazi, lakini anayetaka kugusa ukuta wa enzi zao hataupata. Makao ya mfalme yalijengwa kwa miti, matete na nyasi. Akihama, mvua na mchwa humaliza kazi. Nyumba kubwa ya msonge wanayoonyeshwa wageni kule Nyanza imejengwa upya. Hapa Kigali tunajivunia nyumba ya Richard Kandt, Mjerumani aliyeweka kituo cha utawala juu ya kilima cha Nyarugenge mwaka 1907. Kwa watu wa akiolojia, hiyo ni ya juzi.

Kwa hiyo Mnyarwanda mwenye hamu ya mawe ya kale hana budi kuvuka daraja la Rusumo na kuendelea mashariki hadi mkoa wa Arusha. Kutoka mji mdogo wa Mto wa Mbu, barabara ya vumbi huelekea kaskazini kama kilomita 60, upande wa kushoto ukuta wa Bonde la Ufa, upande wa kulia nchi kavu ya migunga, majivu ya volkano na makundi ya mbuzi. Mbele unasimama Ol Doinyo Lengai, mlima wenye mita 2,962 ambao ulilipuka kwa nguvu mara ya mwisho mwaka 2007 na 2008. Mvua ni haba na upepo huokota vumbi tangu asubuhi. Katikati ya ukame huo, chini kabisa ya ukuta wa bonde, ndipo yalipo magofu ya Engaruka.

Usitarajie msikiti wa Kilwa wala ngome. Macho ya kwanza huona mawe tu, yametapakaa kama yaliyomwagwa na lori. Baada ya muda mpangilio hujitokeza: mistari ya mawe inagawa ardhi kuwa vishamba vidogo vilivyosawazishwa, na kati yake inapita mifereji iliyojengwa kwa mawe. Hakuna chokaa, hakuna udongo wa kushikiza. Vishamba hivyo vinafunika takribani hekta 2,000. Juu yake, kwenye mteremko, kuna vijiji saba vikubwa vya kale, vya nyumba za mviringo zilizokaa juu ya vikuta vya mawe, ngazi baada ya ngazi. Wenyeji wa kale walijenga pale ambapo maji ya mfereji hayangefika, ili ardhi inayomwagilika isipotee.

Gustav Fischer, daktari wa Kijerumani, alipita hapo mwaka 1883 akaona mawe hayo yanafanana na ngome zilizobomoka. Miaka tisa baadaye Oscar Baumann wa Austria alipanda nyanda za Ngorongoro, zilizo juu ya Engaruka, na Septemba ya mwaka huohuo wa 1892 akaingia Rwanda kwa siku chache, Mzungu wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1913 mwanajiolojia Hans Reck, aliyekuwa akichimba Olduvai, naye aliandika habari za magofu haya. Wakati huo Engaruka na Kigali zilikuwa chini ya bendera moja, ile ya Afrika Mashariki ya Wajerumani.

Aliyeitangaza Engaruka zaidi ni mwanaakiolojia Louis Leakey. Alifika mwaka 1935, akachimba kidogo, akahitimisha kwamba ameona mji wenye wakazi zaidi ya 30,000. Marundo ya mawe yaliyojaa bondeni aliyahesabu kuwa mamia ya makaburi. Habari ya mji uliopotea jangwani ni tamu, na magazeti ya kila zama huipenda. Hamo Sassoon, aliyechimba katika miaka ya 1960, aliyafungua baadhi ya marundo hayo na hakukuta mifupa. Yalikuwa mawe ya kuokotwa shambani, yakarundikwa pembeni ili jembe lipite. Mkulima yeyote wa Musanze, kwenye ardhi ya mawe ya volkano, angeweza kumwambia Leakey hivyo bila kuchimba.

Nadhani hapo ndipo kosa lilipoanza. Wageni wasomi walitafuta mji kwa sababu waliamini mawe mengi namna ile hayawezi kupangwa kwa ajili ya shamba tu. John Sutton, aliyeongoza Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki jijini Nairobi, ndiye aliyesisitiza kwa miaka mingi kwamba Engaruka isomwe kama kilimo, na kwamba wakazi wake walikuwa maelfu machache. Vipimo vya kaboni viliweka maisha ya mahali hapo kati ya karne ya 15 na ya 18. Punje za mtama zilizoungua zilionyesha walichopanda, mtama uleule tunaouita amasaka na kuuheshimu kwenye sherehe ya mavuno ya Umuganura. Inadhaniwa pia kwamba ng'ombe walifungwa nyumbani na kuletewa majani, ili samadi irudi shambani. Waliopewa ng'ombe na mpango wa Girinka hawahitaji kuelezwa zaidi.

Utafiti wa karne hii umeongeza jambo linalonivutia kuliko yote. Daryl Stump na wenzake walichimba chini ya vishamba na kukuta tabaka za udongo ulioletwa na maji. Wakulima wa Engaruka walijenga vikuta vya mawe kukinga maji yenye tope yaliyoteremka kutoka milimani. Maji yakatulia, tope likabaki, na kikuta kikaongezwa kimo kadiri udongo ulivyopanda. Sehemu ya shamba lao, basi, ilitengenezwa kwa udongo ulioibiwa mlimani. Simama kwenye daraja la Nyabarongo mwezi wa Aprili, uyatazame maji yalivyo mekundu. Sisi tunachimba mitaro ya imirwanyasuri na kukata matuta ya ngazi ili udongo usiteremke. Wao waliishi chini, wakaungoja.

Kwa nini waliondoka? Ukame mkali wa mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 hutajwa, na baadhi ya mito iliyowalisha sasa ni makorongo matupu. Wamaasai hutajwa pia. Watafiti walitoboa hata tope la chini ya ziwa Empakaai, juu milimani, ili kusoma hali ya hewa ya karne hizo. Sidhani sababu ilikuwa moja. Na jina walilojiita halikubaki; Wairaqw na Wasonjo huhusishwa nao, bila ushahidi wa kufunga mjadala.

Mto Engaruka haujakauka. Kijiji cha leo kinachota humo kumwagilia mahindi, maharage na migomba, na magofu yamekaa bila uzio, jirani na mashamba mapya. Atakayekwenda achukue mwelekezi wa kijijini; peke yake atakanyaga mfereji wa karne ya 16 akidhani ni njia ya mbuzi.

Kitu ambacho mawe hayasemi ni nani alifungua maji, siku gani, na kwa idhini ya nani. Kwa hilo wataalamu huenda kwa Wasonjo, magharibi mwa ziwa Natron, ambao mifereji yao bado inatiririka. Mwanaanthropolojia Robert Gray aliyeandika juu yao mwaka 1963 alikuta maji yakigawanywa kwa zamu na baraza la wazee wenye haki ya kurithi. Asiye na haki hiyo alilazimika kulipa, na malipo yalikuwa mbuzi.