Nasing Homu ya Karibu au Hospitali ya Mbali?

  

Hapa Mayoni kuna swali tunaloulizwa kliniki karibu kila siku: "Sista, lazima niende hospitali kubwa? Mbona nisijifungulie hapa karibu, kwa nasing homu?" Swali hili si la ujinga. Lina historia, na ukiijua historia hiyo utachagua vizuri zaidi.

Tulikotoka

Zamani mtoto alizaliwa nyumbani. Mkunga wa jadi alikuwa jirani. Mama alipiga magoti au kuchuchumaa, na wanawake aliowajua walimshika mgongo. Kondo la nyuma lilizikwa pale pale bomani. Malipo yalikuwa kuku au debe la mahindi. Lakini tuseme ukweli wote: mkunga hakuwa na damu ya kumwongezea mama, wala hakuweza kumpasua mama mtoto alipokwama. Mambo yalipoharibika, mama alizikwa.

Wamishonari wa Friends walifika Kaimosi mwaka 1902. Baadaye Wakatoliki nao wakawa na hospitali zao, kama Mukumu na St. Mary's Mumias. Huko kulikuwa na dawa na upasuaji, ila mama wengi walifika baada ya mwendo mrefu.

Baada ya uhuru, mwaka 1965, serikali iliondoa ada katika vituo vyake. Mwishoni mwa 1989 ada zikarudi chini ya mpango wa kugawana gharama. Dawa zilikuwa haba, na mama aliambiwa aje na glavu, pamba na wembe wake.

Wakati huo huo mlango mwingine ulikuwa umefunguka. Sheria ya Wauguzi ya 1983 na ile ya Maafisa wa Kliniki ya 1988 ziliweka utaratibu wa kusajili na kusimamia wahudumu hawa. Wauguzi na maafisa wa kliniki, wengine wakiwa wamestaafu serikalini, wakafungua vituo vidogo sokoni na kando ya barabara. Hizo ndizo nasing homu zetu. Huko Uingereza jina hilo sasa ni la makao ya wazee, lakini kwetu ni mahali pa kuzalia.

Kwa nini mama alizipenda

Ukiwauliza akina mama wakubwa, watakwambia. Muuguzi alimjua kwa jina na kuzungumza naye Kiwanga. Usiku mlango ulifunguliwa. Mama mkwe aliruhusiwa kuingia na uji. Na deni lilingoja: kwa mkulima wa miwa, ambayo hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Kwa ufupi, mama alitafuta heshima aliyoizoea kwa mkunga, pamoja na sindano ya hospitali. Hata Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linapendekeza mama awe na mtu wake wa kumsindikiza na achague mkao wa kuzalia. Kukhu zetu walilijua hilo zamani.

Ada zilipopungua

Mwaka 2004 ada ilishushwa hadi shilingi 10 katika zahanati na 20 katika kituo cha afya. Mwaka 2007 kuzaa katika vituo hivyo kukawa bure, na tarehe 1 Juni 2013 kukawa bure katika hospitali zote za umma. Mwaka huo huo hapa Kakamega ulianza mpango uliojulikana kama Oparanya Care. Mama mwenye shida aliyehudhuria kliniki, akajifungulia kituoni na kumchanja mtoto, alipewa shilingi 2,000 mara sita.

Matokeo yalionekana. Mwaka 2003, kati ya akina mama 10 nchini Kenya, ni 4 tu waliojifungulia kituoni. Kufikia 2022 walizidi 8.

Lakini mgomo wa madaktari ulianza Desemba 2016 ukaisha Machi 2017, na ule wa wauguzi ukaendelea kuanzia Juni hadi Novemba 2017. Wadi nyingi za serikali zilifungwa, na mama wengi wakarudi kwa nasing homu na hospitali za misheni. Mwaka huo Linda Mama ilihamishiwa NHIF, ikalipia pia baadhi ya vituo vya binafsi na vya misheni. Tangu Oktoba 2024 kazi hiyo iko chini ya SHA. Kwa hivyo jisajili mapema, na uulize kituo chako kama kinalipiwa. Usingoje uchungu uanze.

Chagua kwa macho wazi

Mama, ukaribu ni jambo jema. Lakini mama anayevuja damu baada ya kuzaa anaweza kufa kwa muda wa saa mbili. Kwa hivyo, ukiwa mimba ya miezi sita au saba, nenda nasing homu unayoipenda ukaulize:

- Je, leseni ya mwaka huu iko ukutani?
- Usiku, nani aliyesomea kuzalisha atakuwepo?
- Dawa ya kuzuia damu iko, na inawekwa kwenye friji?
- Nikihitaji upasuaji au damu, nitapelekwa wapi, na kwa gari gani?
- Gharama yote ni pesa ngapi?

Akikukasirikia kwa kuulizwa, tafuta kwingine.

Nenda moja kwa moja hospitali yenye upasuaji ikiwa uliwahi kupasuliwa, una pacha, mtoto amekaa vibaya, au una shinikizo la damu. Na popote ulipo, usingoje ukiona damu, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, degedege, mtoto kuacha kucheza, uchungu kupita saa 12, au kondo la nyuma kukawia zaidi ya nusu saa.

Jua pia haki yako. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Na mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama Pumwani kwa sababu ya deni kulivunja haki zao.

Baba, weka nauli kando leo, na namba ya mwenye bodaboda au gari uwe nayo kwenye simu.

Jadilianeni kikundini: Kutoka kwenu hadi hospitali yenye upasuaji ni muda gani usiku, wakati wa mvua?

Hadi kipindi kijacho, mama, ujifungue salama.